Sauti Safi Ukumbini: Tuliyoyakuta Nyamira Nyuma ya Kompyuta

Shemeji yetu, mjane wa marehemu ndugu yetu mkubwa, ni mtu wa Kibokoni, Mombasa, lakini miaka hii ya karibuni amehamia Nyamira kwa bintiye. Huko, kila Jumapili baada ya adhuhuri, wanawake wanane au tisa huja kukaa naye katika chumba cha ndani wakasoma. Baadhi yao ni Wanubi waliozaliwa Kisii mjini, wengine ni Wagusii waliosilimu wakiwa watu wazima, na haja yao ni moja: kuzitamka herufi kama zipasavyo. Shemeji ndiye mwalimu wao, na mwalimu wake yeye ni kisomo cha Sheikh Mahmud Khalil al-Husary wa Misri, kile kilichorekodiwa kikamilifu mwanzoni mwa miaka ya 1960, ambacho wengi wetu tulikua tukikisikiliza kwenye kaseti. Siku hizi kimo ndani ya kompyuta ya mezani ya mkwe wetu, nayo kompyuta imeungwa na risiva ya sinema ya nyumbani, ile yenye spika tano na wufa, iliyoko ukumbini.

Tulipofika kuwazuru, baada ya safari ndefu ya Narok, Bomet, Sotik na Keroka, tukipanda kutoka joto tulilolizoea hadi kwenye migomba, chai na ukungu, hatukuwa hata tumemaliza kikombe cha kwanza alipotwambia neno ambalo hatukulitarajia.

"Maalim, mimi naacha kusomesha. Masikio yamenikataa. Siisikii tena tofauti ya sini na thaa, na jambo nisilolisikia siwezi kumsahihishia mtu."

Bintiye aliinamisha kichwa. Mumewe akatwaa nafasi na kutueleza kando kwamba hakuyaridhia maneno hayo, na kwamba amekwisha kuweka fedha za kununua risiva mpya, maana hii iliyopo imechakaa na inanguruma. Tulipomuuliza fedha zimetoka wapi, alisita kidogo. "Ni za karo ya muhula ujao, Ami. Tutazirudisha tu."

Tukaomba kwanza tusikie anachokisikia shemeji. Tukakaa naye ndani, nyuma ya pazia, wakakifungulia kisomo. Wasomaji wetu, kabla ya kisomo tulisikia mngurumo mzito usiokatika, kama wa nyuki ndani ya mzinga. Juu yake palikuwa na mkwaruzo mwembamba uliobadilika kila mjukuu alipokisogeza kipanya cha kompyuta. Nyuma ya hayo yote ndipo ilipokuwa sauti ya Sheikh al-Husary, kama mtu anayesoma nyumba ya jirani wakati mvua inanyesha juu ya bati. Sisi wenyewe, ambao masikio yetu hatujayalalamikia bado, tuliishindwa thaa ile. Basi jambo halikuwa la masikio ya mwanamke mzima peke yake.

Mwenye kufundisha tajwidi anajua kwamba sini, thaa na swadi ni herufi za pumzi, inayopenywa mahali pembamba kati ya ulimi na meno. Kinachozitenga ni sauti za juu kabisa, nyembamba kama za upepo kwenye ufa wa mlango. Nazo sauti hizo za juu ndizo za kwanza kumtoroka mtu anapozeeka. Kwa hiyo kijana aweza kusikiliza katikati ya mkwaruzo akabahatisha herufi, lakini mzee hana akiba ya kubahatishia. Akipewa sauti chafu humpotea yote.

Tukaenda nyuma ya kompyuta. Tulikuta ule waya tunaoujua sote: upande mmoja una kichwa chembamba kinachoingia katika tundu la vipokea sauti vya masikioni, na upande wa pili una vichwa viwili, chekundu na cheupe, vinavyoingia nyuma ya risiva. Waya huo haukosi kazi, nasi tumeutumia miaka mingi. Ila tujue unabeba nini. Ndani ya kompyuta sauti ni hesabu, tarakimu tupu. Katika kipimo cha sidii, sauti hupimwa mara 44,100 kwa kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16. Ili sauti itoke katika tundu lile, kompyuta huzigeuza hesabu hizo kuwa umeme mdogo unaopanda na kushuka, na hufanya hivyo ndani ya sanduku lililojaa feni, diski na vibao vinavyopiga kelele za umeme kila kimoja kwa wakati wake. Ule mkwaruzo uliofuata kipanya ulikuwa ni kompyuta yenyewe ikijisikiza.

Mngurumo nao una asili nyingine. Kompyuta ya mezani ina plagi ya pini tatu, na ile pini ya tatu huuelekeza umeme uliopotea njia uingie ardhini. Risiva ya mkwe wetu haina pini hiyo, lakini imeungwa na king'amuzi cha televisheni, king'amuzi kimeungwa na dishi, na dishi limefungwa kwenye nguzo ya chuma iliyochimbiwa katika udongo wa Nyamira ambao haukauki. Hapo pana njia mbili za kwenda ardhini, na waya wa sauti umezikutanisha. Umeme mdogo huzunguka katika duara hilo, nao, kwa kuwa umeme wa Kenya hupiga mara 50 kwa sekunde, hutoka kwenye wufa ukiwa mngurumo mzito. Risiva haikuwa na ila yoyote.

Tukauchomoa waya wa sauti ili tuuone vizuri, na mkono wetu wa kushoto ukagusa ubavu wa sanduku la kompyuta. Tulikuwa miguu mitupu juu ya saruji. Ukatupita mnyenyereko mdogo mkononi, kama wadudu wanaotambaa chini ya ngozi. Tukaurudisha waya, tukagusa tena: hakuna kitu. Tukauchomoa: mnyenyereko ule ule.

Hapa ndipo tulipoyaacha ya tajwidi kwa muda.

Tukamuuliza mkwe wetu kama kuna mtu aliyeishika plagi ya kompyuta. Akakumbuka: ndiyo, fundi mmoja aliitwa kuuondoa mngurumo, akaifungua plagi, akafanya jambo, mngurumo ukapungua nusu, akalipwa akaenda. Tukazima kila kitu, tukaichomoa plagi ukutani, tukaifungua kwa bisibisi. Waya wa kijani na manjano, ule wa ardhi, ulikuwa umekatwa na kukunjwa pembeni kwa unadhifu kabisa.

Tuseme wazi hapa, kwa kuwa tumesikia ushauri huu ukitolewa Mombasa na Malindi pia. Kukata waya wa ardhi hupunguza mngurumo, ni kweli, kwa sababu huikata njia moja kati ya zile mbili. Lakini waya huo ndio unaomlinda mtu siku umeme utakapovuja ndani ya sanduku la chuma. Kompyuta za mezani huvujisha umeme kidogo sana kwenye sanduku lake hata zikiwa nzima, nao ndio tuliouhisi. Huo hauui mtu. Ila siku waya mkuu utakapochubuka ndani na kuligusa sanduku, umeme wote wa volti 240 utakuwa pale, ukimngojea wa kwanza kugusa. Katika nyumba ile wa kwanza kugusa ni mjukuu wa miaka minne, ambaye tangu tulipofika hatujamwona amevaa viatu. Kilichomkinga mpaka siku hiyo ni ule waya wa sauti, uliokuwa ukiupeleka umeme mdogo kwenye risiva, kisha kwenye dishi, kisha ardhini. Nasi tulikuwa tumekuja kuuondoa.

Mama wa mtoto alisimama mlangoni, mkono kinywani, asiseme kitu.

Akaitwa jirani ambaye ni fundi wa umeme mwenye leseni. Aliuunga waya wa ardhi mahali pake, kisha, jambo lililotupendeza, akaipima soketi ya ukutani kuhakikisha kwamba ardhi yake inafika kweli, maana zipo nyumba ambazo soketi ina tundu la tatu na nyuma yake hamna waya. Ya hapa ilikuwa nzima. Mngurumo ukarudi kamili, kama tulivyotarajia, na shemeji akatutazama kwa jicho la mtu aliyeitiwa mganga akaongezewa maradhi.

Dawa ilikuwa nyuma ya kompyuta ile ile, haijawahi kuguswa. Kando ya matundu ya rangi rangi palikuwa na tundu la mraba, dogo kuliko ukucha wa kidole gumba, lenye kijilango cheusi. Ukikisukuma kijilango kwa ncha ya kalamu kompyuta ikiwa inafanya kazi, huonekana mwanga mwekundu ndani. Tundu kama hilo liko nyuma ya risiva pia, limeandikwa "OPTICAL". Ni njia ya sauti inayosafiri kwa mwanga. Ilibuniwa na kampuni ya Toshiba ya Japani mwaka 1983, mara tu sidii zilipoingia sokoni, na jina lake TOSLINK limetokana na jina la kampuni hiyo. Mpango wa hesabu zinazopita humo huitwa S/PDIF, na herufi zile S na P ni za Sony na Philips waliouanzisha. Kinachopita ndani yake ni hesabu zenyewe, zikimetameta kwa mwanga ndani ya uzi wa plastiki, na risiva ndiyo inayozigeuza kuwa sauti. Kelele za sanduku la kompyuta hazimo tena. Na kwa kuwa plastiki haipitishi umeme, lile duara la mngurumo limekatika bila kumgusa mlinzi wa pini ya tatu.

Nyamira mjini hatukuupata waya huo. Kesho yake mkwe wetu aliupata Kisii, katika duka la simu, wa mita 3, kwa bei isiyofika ya kuku wa kienyeji. Alitaka wa mita 10 ili aihamishie risiva chumba cha ndani, tukamzuia kwa simu: mwanga huchoka katika uzi wa plastiki, na zaidi ya mita 5 hivi hatuna tena imani nao. Ni afadhali risiva ikae karibu na kompyuta, na zirefushwe nyaya za spika.

Tukauchomeka waya pande zote mbili. Kimya. Tukauchomoa, tukauchomeka tena. Kimya. Tukaanza kumweleza mkwe wetu, kwa sauti ya mtu anayejua, kwamba huenda kompyuta haina programu inayohitajika, mjukuu wa kike wa miaka 12 alipouchukua ule waya na kuutazama kichwa chake. "Babu, hii ni kofia?" Ilikuwa kofia. Vichwa vya waya huu huuzwa vikiwa vimevikwa vifuniko vidogo vya plastiki angavu kuvikinga na vumbi, nasi kwa miwani yetu tulidhani ni sehemu ya waya. Tukavivua, na mwanga mwekundu ukatua kiganjani mwa mtoto. Tusimulie basi na mengine aliyoyatenda yeye, maana kuanzia hapo kazi ilikuwa yake.

Risiva haisikilizi kila tundu kwa pamoja, ni lazima iambiwe. Alibonyeza rimoti mpaka kioo chake kikaonyesha ingizo la tundu lile la mwanga. Kompyuta nayo ilikuwa bado inapeleka sauti kwenye tundu la zamani. Akabonyeza kwa kitufe cha kulia alama ya spika iliyo pembeni chini ya kioo, akaingia katika mipangilio ya sauti, akachagua palipoandikwa "Digital Output" iwe ndiyo njia ya kawaida. Kwenye kompyuta nyingine huandikwa "SPDIF". Sisi tulichangia jambo moja tu: tulimwambia aishushe kwanza sauti ya risiva mpaka chini kabisa, kisha aipandishe ya kompyuta mpaka juu na kuiacha hapo, ili kuanzia siku hiyo sauti ipandishwe na kushushwa kwa rimoti ya risiva peke yake.

Akakifungua kisomo, akaipandisha sauti polepole.

Mngurumo haukuwapo, wala mkwaruzo. Kabla ya sheikh kuanza palikuwa na kimya, na ndani ya kimya hicho tulisikia mvumo hafifu wa ule mkanda wa zamani wa Misri, ambao hatukuwahi kujua kwamba umo. Ila aya ilianza katikati ya neno. Mwanzo wa Bismillahi ulikuwa umemezwa.

Shemeji, kutoka nyuma ya pazia, aliliona hilo kabla yetu. "Mbona amekatwa?"

Hii ni tabia ya njia ya hesabu ambayo waya wa zamani hauna. Kompyuta isipocheza kitu, aghalabu hunyamaza kabisa, na risiva hulala. Sauti ikianza, risiva huchukua chini ya sekunde moja kuzitambua hesabu na kujipanga, na neno lililopita wakati huo limepotea. Katika filamu hakuna atakayejali. Katika kisomo haifai hata kidogo. Mjukuu alitengeneza faili tupu ya kimya ya sekunde 5, akaiweka mbele ya kila sura katika orodha. Risiva huamka kwa kimya hicho, na Bismillahi hufika nzima.

Jambo la mwisho lilikuwa la spika. Risiva hizi zina namna nyingi za kuisambaza sauti, na mkwe wetu aliipenda ile inayofanya ukumbi uvume kama uwanja wa mpira. Tukaiondoa. Kwa msomaji mmoja na sauti moja, tulichagua namna ya Pro Logic, ambayo huichukua sauti iliyo sawa kushoto na kulia na kuipeleka kwenye spika ya katikati. Spika hiyo ya katikati tukaipitisha nyuma ya pazia kwa waya wake mrefu, tukaiweka juu ya kabati, usawa wa sikio la mtu aliyekaa kitini, hatua mbili kutoka kwa shemeji. Wufa tukaizima kabisa. Mkwe wetu hakupendezwa, tukamwambia awe anaiwasha siku za mpira.

Wapo watakaosoma haya na kompyuta zao hazina tundu la mraba, na kompyuta za kubeba nyingi hazina. Watazame kama kuna tundu la duara lenye rangi ya chungwa: hilo hutoa hesabu zile zile kwa waya wa shaba, na huunganishwa na tundu la namna hiyo kwenye risiva, ila kwa kuwa ni shaba haliukati mngurumo wa ardhi. Wenye risiva mpya kidogo wataona tundu la HDMI, ambalo hupitisha picha na sauti kwa waya mmoja. Huo nao ni wa shaba. Aliye na televisheni ya kisasa aweza kuipeleka HDMI ya kompyuta kwenye televisheni, kisha kutoka nyuma ya televisheni akautoa waya wa mwanga hadi kwenye risiva ya zamani. Na kuna vifaa vidogo vya kuchomeka kwenye tundu la USB vinavyotoa mwanga huo. Wapenda filamu nao wajue kwamba njia ya mwanga hubeba sauti ya spika zote ikiwa imebanwa kwa namna ya Dolby Digital au DTS. Zile namna mpya zisizobanwa hazipiti humo, zinahitaji HDMI.

Wala waya huu haubadilishi kilichorekodiwa vibaya. Baadhi ya darsa alizokuwa akitumiwa shemeji kutoka pwani zilikuwa zimebanwa mno ili zipite upesi katika simu, kwa kilobiti 32 kwa sekunde, ilhali sidii hupitisha zaidi ya 1,400. Kubana kwa namna hiyo huanza kwa kuzitupa zile sauti za juu, yaani hizo hizo za sini na thaa. Darsa hizo zilisikika mbovu kwa mwanga kama zilivyokuwa mbovu kwa shaba, nasi tumeahidi kumpelekea nakala zake za asili katika flashi. Tulimwambia vilevile, na bintiye ameshika neno letu, kwamba aende akapimwe masikio Kisii, kwa sababu sauti safi imempunguzia kazi, haikumrudishia ujana.

Jumapili wanawake walikuja. Sisi tulikaa ukumbini na mkwe wetu, tusiwaone. Kilisomwa kipande, kikanyamazishwa, akaitikia mmoja wa waliosilimu karibuni, mwenye lafudhi nzito ya Kigusii. Shemeji akamkatiza. "Hapana, mwanangu. Umesema sini. Toa ncha ya ulimi, iguse meno ya juu. Rudia." Akarudia. "Rudia." Akarudia mara ya tatu, na sisi ukumbini tukaisikia thaa.

Alasiri ikaja mvua, kama ijavyo huko, na radi za vilimani ambazo mtu wa pwani hazizoei. Mkwe wetu aliinuka upesi akachomoa plagi ya kompyuta, ya risiva na ya televisheni, kisha waya wa dishi. Alipoufikia ule wa mwanga akatuuliza kwa macho. Tukamwambia auache, huo haupitishi radi. Fedha za karo alizipeleka shuleni Jumatatu, siku tuliyoondoka.